Saa Moja Kutoka Mafia

Aliyemuuliza Mwinyijuma bin Pazi kama Mafia ni mbali, alijibiwa neno lile lile kila siku: "Mwendo wa saa moja." Wavuvi wa Mlingotini waliopita kwake wakienda mjini Bagamoyo walicheka mpaka wakashika mbavu, maana wao Mafia waliijua kwa siku tatu, na upepo ukigoma, kwa siku tisa.

"Saa moja ya nani, mzee?" walimdhihaki.

"Ya ndege."

"Na wewe ndege umeipanda lini?"

"Sijaipanda. Lakini ndiye ninayeipokea."

Hapo waliacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mwinyijuma alikuwa mwangalizi wa uwanja wa ndege, ikiwa kile kipande cha majani nyuma ya mashamba ya minazi kinastahili kuitwa uwanja. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kufukia mashimo ya panya, kufukuza mbuzi wa watu, na kuwasha moto wa moshi siku ya ndege. Mfuko wa upepo uliokuwa ukining'inia kwenye mlingoti ulichanika zamani na mwingine haukuletwa. Kwa hiyo mwisho wa uwanja, kwenye pembe ya ua wa nyumba yake, liliwekwa nusu pipa. Ndani yake alichoma makumbi ya nazi yenye unyevu, na moshi mweupe ukapanda na kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi.

Moshi ule ulikuwa na maneno yake. Ukiwaka, maana yake uwanja ni mkavu na hauna kitu, karibu. Usipowaka, pita. Na ukizimwa wakati ndege iko angani, maana yake kuna hatari, usitue hata ukiona watu wanakuita. Kanuni hii iliwekwa baada ya masika moja ambapo ndege ilitua bila moshi, gurudumu likazama topeni na rubani akavunjika mkono. Tangu hapo rubani huyo, mzungu ambaye watu walimwita Bwana Dakika kwa jinsi alivyokuwa haondoi macho kwenye saa yake, hakutaka kusikia habari nyingine. Moshi ndio ulikuwa ulimi wa uwanja.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya mabawa mawili juu na mawili chini, yenye nafasi ya watu sita. Jumatano ilitoka Dar es Salaam ikaenda Mafia, kutoka Mafia ikaja Bagamoyo, kisha ikarudi Dar es Salaam. Jumamosi ilifanya safari hiyo kinyumenyume. Kutoka Mafia kuja Bagamoyo zilikuwa maili mia na kumi na nne. Mwinyijuma aliijua hesabu hiyo kwa sababu Bwana Dakika alimwandikia mwenyewe kwenye jalada la daftari. Wakati wa kusi, upepo ukiisukuma ndege kwa nyuma, dakika hamsini na tano. Wakati wa kaskazi, saa moja na dakika kumi. Kwa wastani ni saa moja, wala hakuwa mwongo.

Isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mkewe, Biubwa, alimzalia watoto watatu. Wawili wa mwanzo walikufa kabla hawajaota meno. Wa tatu alipozaliwa aliitwa Tatu, na Biubwa alimlea kama mtu anayebeba taa kwenye upepo. Tatu alipokua, kijana mmoja jina lake Kitwana aliletwa kujifunza kazi ya uwanja kwa Mwinyijuma. Alikuwa mtulivu, hodari wa panga na wa kalamu. Alipomaliza miezi sita akapewa uwanja wa Mafia, na kabla hajaondoka akatuma wazee kumposa Tatu.

Biubwa alikataa. Alikataa siku nne, hali wala hasemi.

"Baba Tatu," alisema siku ya tano, "nina mtoto mmoja. Unanitilia bahari katikati?"

"Bahari gani, mke wangu? Siku hizi kuna ndege. Saa moja tu. Ukimtaka asubuhi, adhuhuri mnakula pamoja. Mtu wa Miono anakaa mbali kuliko yeye."

"Saa moja?"

"Saa moja. Nakuahidi mimi."

Biubwa alimwamini. Mumewe hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na ahadi hii aliitoa kwa moyo safi. Kosa lake ni kwamba aliijua ndege kwa kuitazama kutoka chini. Hakujua kuwa viti vile sita vilikuwa na wenyewe: bwana shamba, daktari, mke wa bwana mkubwa, na mifuko ya barua. Miaka sita ikapita. Tatu alikuja nyumbani mara mbili, zote kwa chombo, na mara zote mbili alifika amekonda, hawezi kushika chakula. Katika ile saa moja hakuja hata siku moja.

Ila mkate ulikuja. Kila Jumatano Tatu alipika mkate wa kumimina, akauepua ndege ikishuka Mafia, akaufunga kwa vitambaa viwili na kumpa mumewe, naye Kitwana akamwomba Bwana Dakika auweke chini ya kiti. Pamoja na mkate kilikuja kikaratasi: "Imeondoka saa nne na dakika mbili." Mwinyijuma alisoma kikaratasi, akatazama saa ya mezani aliyopewa kwa kazi, akaandika daftarini. Biubwa hakuwa na haja ya saa. Alikaa uani na tasbihi yake tangu saa nne, na alikwisha jua kwamba akiizungusha mara ishirini, kwa utulivu, bila kuharakisha jina la Mungu, ndege huwa inasikika juu ya minazi. Alipopewa kile kifurushi alikiweka shavuni kwanza.

"Haujapoa," alisema kila wiki. Halafu, wiki nyingine, huku akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, "Mkate unapata nafasi, Baba Tatu. Mwanangu hapati."

Mwinyijuma alicheka naye. Usoni tu.

Masika ya mwaka wa hamsini na tatu Biubwa aliugua. Ilianza kama homa ya kawaida, ikashuka kifuani, ikakaa. Mganga wa hospitali alitoa dawa, na mwalimu Alawi wa msikitini alimwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji ya kunywa. Biubwa alikunywa vyote viwili bila kubishana. Jumatatu jioni alimwita mumewe karibu.

"Ile saa moja yako," alisema kwa sauti iliyokwisha, "bado haijafika tu?"

"Jumatano, Mama Tatu. Nitamwomba Bwana Dakika mwenyewe. Nitampigia magoti."

"Usipige magoti. Wewe magoti yako mabovu." Akafumba macho. "Nataka nimwone uso tu. Basi."

Jumanne asubuhi Mwinyijuma alikwenda posta kwa Mtoro, karani wa simu za maandishi, ambaye baba yake alikuwa jirani wa Mwinyijuma. Mtoro alipeleka simu mbili, moja kwa Kitwana na moja Dar es Salaam kwa rubani, na hii ya pili akaiandika kwa Kiingereza kizuri chenye heshima nyingi. Jibu la rubani lilirudi alasiri, na Mtoro alipanda baiskeli kulileta mwenyewe.

"Amekubali, ami!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Anasema kiti kimoja kitupu. Kesho Tatu anapanda!"

Mwinyijuma alikimbia ndani kama kijana. Biubwa alisikia. Alitabasamu na kuomba apewe tasbihi yake, na akalala nayo mkononi.

Jumatano, kabla ya adhana ya alfajiri kwisha, alikata roho.

Watu wa pwani hawana haja ya kuambiwa la kufanya kwenye msiba. Kabla jua halijapanda, kaburi lilikwisha anzwa, sanda imeletwa, na wanawake wamejaa ndani. Mwinyijuma alikaa barazani na mwalimu Alawi.

"Mwalimu," alisema, "Tatu yuko njiani. Ndege inaondoka Mafia saa nne. Saa tano yuko hapa."

Mwalimu Alawi alishika ndevu zake. "Maiti hacheleweshwi, Mwinyijuma. Unajua."

"Najua. Saa moja tu."

"Na joto hili, na mvua hizi." Mwalimu alimtazama, na kwa kuwa alimfahamu Biubwa tangu alipokuwa msichana wa chuoni kwake, sauti yake ikalegea. "Haya. Tutamwosha, tutamvika, tutamwacha uso wazi. Adhuhuri tukishasali tunakwenda. Mtoto akiwahi, atamwona. Asipowahi, tumwachie Mungu."

Adhuhuri. Mwinyijuma alipiga hesabu kama mtu anayefunga mzigo na kuukagua kamba. Kuondoka saa nne, kufika saa tano. Hata upepo ukikataa, saa tano na dakika kumi. Nafasi ilikuwa tele. Mvua haikuwa imenyesha tangu juzi, na uwanja ulikuwa umekauka. Katika miaka yote ile hakuwahi kuuona ukiwa mzuri hivyo.

Saa nne na robo Mtoro alikuja mbio na baiskeli. Simu ya Kitwana: Tatu yumo ndani ya ndege, wameondoka.

Saa nne na nusu Mwinyijuma alikwenda kwenye pipa, akapanga makumbi, akawasha. Moshi ulipanda mweupe na mnene, ukalala kidogo kuelekea mjini. Alisimama akiutazama. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri machozi yalimtoka, akayaachia, maana mtu akisimama kwenye moshi hakuna anayemuuliza. Akakaa pale akiongeza makumbi hadi saa tano kasoro dakika kumi.

Ndipo alipoitwa. Wanawake walikwisha kumvika Biubwa, na mume alitakiwa aingie kumuaga na kumpa radhi kabla ya maiti kutolewa uani. Mwinyijuma alitazama kulia na kushoto. Vijana wote waliozoea kazi za uwanja walikuwa makaburini wakichimba. Akajisemea kuwa ni dakika tano tu, na makumbi yaliyomo yanatosha robo saa. Akaingia ndani.

Sasa, Bimdogo, mdogo wake Biubwa, alikuwa amefika wakati huo huo kutoka Mlingotini. Alipata habari asubuhi, akaja amekaa nyuma ya baiskeli ya mtu, na sehemu zenye maji alishuka akavuka kwa miguu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyeishika mila kama wengine wanavyoshika fimbo. Hakuwahi kufika pale siku ya ndege, maana alizoea kuja sikukuu. Aliingia uani kwa mlango wa nyuma, kaniki yake imelowa hadi magotini, akilia jina la dada yake. Akauona moto.

Katika ukoo wao, maiti akiwa bado hajatoka, moto hauwashwi katika ua wake. Jiko hulala mpaka matanga yaondolewe. Chakula hupikwa kwa majirani, hata maji ya kuoshea hupashwa nyumba ya pili. Kuwasha moto nyumbani kwa maiti ni kama kumwambia, tumekwisha kukusahau, tunaendelea na yetu. Na moto wenyewe haukuwa mdogo. Moshi wake ulikuwa ukiingia dirishani pale alipolala dada yake.

"Toka lini?" alipaza sauti. "Toka lini, enyi waja wa Mungu, moto ukawaka na maiti yumo ndani? Mmemwona dada yangu hana ndugu?"

Wanawake waliokuwa uani wengi wao walikuwa wageni wa msiba kama yeye. Mmoja alianza kusema kitu, lakini nani angemkatiza mtu anayemlilia dada yake? Bimdogo alichukua ndoo ya maji iliyokuwa chini ya ukuta, akaibeba kwa mikono miwili, akaimwaga yote ndani ya pipa.

Moto ulilia kama nyoka. Moshi uliruka mara moja kwa wingi, kisha ukakatika.

Ndani, Mwinyijuma alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alimwambia mkewe kuwa amemridhia, na naye amridhie. Alimwambia, "Dakika chache, Mama Tatu. Ngoja kidogo tu." Na hapo akaisikia ndege juu ya minazi. Saa ya mezani ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Akatoka nje na uso ambao watu walikuja kuusimulia siku nyingi baadaye, kwa sababu ulikuwa uso wa furaha.

Akaliona pipa.

Alikimbilia makuti makavu ya paa la banda la kuku, akayang'oa kwa mikono, akayasukuma ndani ya pipa juu ya yale maji. Akapiga kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilishika, makuti yakawaka juu juu bila moshi, yakazama yakafa. Ndege ilipita chini, chini sana, ikageuka upande wa mashamba. Watu walikuwa wamemiminika uwanjani kuitazama, na wengine wakipunga vilemba wakidhani wanasaidia.

"Ondokeni!" Mwinyijuma alipiga kelele. "Ondokeni uwanjani! Mtoeni mtoto yule!"

Ikazunguka mara ya pili. Njiti ya sita, ya saba. Mikono ilikuwa imelowa, na kiberiti nacho kikalowa. Aliinua macho akaiona ndege ikiinama bawa moja, kama mtu anayeinamisha kichwa kuomba udhuru. Halafu ikanyooka, ikashika njia ya kusini, Dar es Salaam. Sauti yake ilipungua hadi ikawa kama ya nyuki, kisha pakawa hakuna hata nyuki.

Bimdogo alikuwa amesimama na ndoo tupu. "Shemeji," alisema kwa huruma, akidhani kiwewe cha msiba kimempanda, "njoo ukae. Njoo. Ndege achana nayo, wazungu wana safari zao."

Mwinyijuma alimtazama. Alikuwa na pua ya Biubwa, na namna ya Biubwa ya kuweka kichwa upande.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Wana safari zao."

Adhuhuri waliswali, wakamzika Biubwa. Mwalimu Alawi alingoja robo saa zaidi ya alivyosema, na hakuna aliyemlaumu.

Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam kwa ndege ni dakika kumi na tano. Tatu alizirudi dakika hizo kwa nusu siku, usiku mzima na siku nyingine hadi alasiri. Lori alilopanda Dar es Salaam lilikwama Mpiji, mto umefurika, dereva akasema haendi mbele wala nyuma. Alivuka maji yakiwa kiunoni, ameshikwa mkono na watu asiowajua. Alilala Mapinga kwa bibi mmoja aliyempa kanga kavu, na kulipokucha akatembea, akapita Kerege, akapita Zinga, miguu imevimba. Alhamisi alasiri aliingia uani kwao. Kwa jinsi watu walivyomtazama, hakuhitaji kuuliza kama mazishi yamekwisha.

Walipokwisha kulia pamoja, na wanawake kumuogesha na kumlazimisha anywe uji, baba na binti walibaki wawili barazani. Bimdogo alikuwa ndani akisali.

"Baba," Tatu alisema, "moto alizima nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nilichanganyikiwa, mwanangu. Msiba. Nilisahau."

Tatu alikwangua tope lililokauka kwenye kifundo cha mguu.

"Nilikaa nyuma ya Bwana Dakika," alisema polepole. "Tulipoikaribia pwani akanigusa bega, akanionyesha kidole. Moshi. Akasema, 'Baba yako.' Nikaanza kuvaa viatu, baba. Nilikuwa nimevivua, nikavaa. Nikaona paa letu. Nikaona jeneza limeegemezwa ukutani, limefunikwa kanga, na ndipo nilipojua kuwa mama hayupo. Kitwana aliniambia mgonjwa tu. Nikasema potelea mbali, nitamwona uso." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga ya yule bibi wa Mapinga. "Halafu nikamwona mwanamke mwenye kaniki, na ndoo."

Mwinyijuma aligeuka akautazama mlango wa ndani.

"Ni mama mdogo. Namjua hata kwa juu," alisema Tatu.

"Hakujua, Tatu."

"Najua hakujua." Sauti yake ilitaka kupanda, akaibana kwa meno. "Najua, baba. Ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia."

"Asijue," alisema Mwinyijuma. "Alimpenda mama yako. Akijua, naye tutakuwa tumempoteza."

Tatu aliitikia kwa kichwa. Ndani Bimdogo alimaliza sala, akatoka na mto, akaketi nyuma ya mwana wa dada yake, akamlaza kichwa kwenye mapaja yake bila kuuliza. Tatu alikubali. Mwinyijuma aliona mkono wa binti yake umelishika vazi la mama mdogo, umelishika kwa nguvu, wala hakujua kama ni kwa mapenzi au ni kwa kujizuia.

Jumamosi asubuhi matanga yaliondolewa. Jivu la zamani likazolewa jikoni, na Bimdogo, kama mila inavyotaka, akawa wa kwanza kuwasha moto. Mtoro alileta simu kwamba Bwana Dakika ana kiti, kwenda Mafia, leo. Tatu alikuwa na watoto wawili kule, mdogo bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yakimuuma. Ikabidi aende.

"Basi nampikia mkate," alisema Bimdogo. "Hawezi kwenda mikono mitupu kwa mumewe."

Saa mbili na nusu Mwinyijuma alikwenda kwenye pipa. Alikuwa amelisafisha na kulikausha. Alipanga makumbi, akawasha, moshi ukapanda. Bimdogo alikuwa mlangoni mwa jiko na upawa mkononi. Aliutazama moshi, akamtazama shemeji yake alivyosimama, akatazama angani. Baada ya muda ndege ikasikika, ikazunguka mara moja, ikaja moja kwa moja, ikatua majanini kama ndege hai anayerudi kwenye kiota chake.

Bwana Dakika alishuka. Alivua kofia, akampa Mwinyijuma mkono na pole. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mwangalizi. Jumatano. Moto ulikuwa sawa, mimi nakuja. Kwa nini kuzima moto?"

Bimdogo alikuwa hatua tatu nyuma yao, amebeba mkate uliofungwa kwa vitambaa viwili.

"Kosa langu, bwana," alisema Mwinyijuma bila kugeuka. "Nilizima mimi."

Mzungu alitikisa kichwa, akaandika kitu. Tatu aligeuka akamwona mama yake mdogo. Uso wa Bimdogo ulikuwa umesimama, mdomo wazi kidogo, na mkate ukianza kumteleza mikononi. Tatu aliuwahi. Aliupokea mkate, akauweka chini, akamkumbatia yule mwanamke mnene kwa mikono yote miwili. Bwana Dakika alitazama saa yake. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akairudisha mfukoni akangoja.

Ndege ilipoondoka, Mwinyijuma alikwenda akaketi uani mahali alipozoea kukaa Biubwa. Alikuwa na tasbihi. Alianza kuizungusha taratibu, bila kuharakisha jina la Mungu. Alipofika mzunguko wa nne Bimdogo alikuja akaketi chini, mbali naye kidogo.

"Kwa nini hukusema, shemeji?"

"Ningesema nini?"

"Ungenitukana. Siku ile ile, mbele za watu, ungenitukana."

"Ungekuja kumzika ukiwa umetukanwa?"

Bimdogo alijifunika uso kwa kaniki. Alilia bila sauti, yeye ambaye sauti yake ilijulikana mpaka Mbegani. Mwinyijuma aliendelea kuhesabu. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili akapotewa, akawa hajui kama ni wa kumi na mbili au wa kumi na tatu, akasimama na shanga moja katikati ya vidole.

"Unahesabu nini?" aliuliza Bimdogo kutoka ndani ya kaniki.

"Njia. Ikitimia ishirini, amefika. Dada yako ndivyo alivyokuwa akiipima."

"Umefika ngapi?"

"Sijui. Nimepotewa."

Bimdogo alifunua uso. Alinyoosha mkono, na Mwinyijuma, baada ya kusita, akampa tasbihi ikiwa imekunjwa pale pale alipokomea.

"Tufanye kumi na mbili," alisema Bimdogo. "Afadhali tumcheleweshe kidogo kuliko kumwahisha."

Akaanza kuhesabu, kwa sauti ya chini. Kwenye pipa makumbi yalikuwa yakimalizikia, na Mwinyijuma aliuacha moshi upande mpaka ukaisha wenyewe.